Mhazini aliyeacha kuamini: kisa cha sadaka za ujenzi katika usharika mmoja

Kisa hiki kinamhusu mhazini wa usharika wa Kilutheri kaskazini mwa Tanzania, ambaye imani yake ilimwisha akiwa bado anashika funguo za kasha la sadaka. Nimekiandika kwa idhini yake na kwa idhini ya mchungaji aliyehusika. Majina, mahali, miaka na kazi za baadhi ya watu vimeondolewa, na viwango vya fedha vimebadilishwa bila kuharibu uwiano wake. Nilikifahamu kwa sababu niliombwa kusimamia makabidhiano ya vitabu vya fedha. Nakiandika kwa ajili ya wahazini, wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati za misikiti na yeyote anayetunza mali iliyotolewa kwa jina la Mungu, kwa kuwa jambo hili hutokea mara nyingi kuliko linavyosemwa, na wanaolipitia huwa hawana wa kumuuliza.

Mazingira

Usharika wenyewe ni wa kawaida: una mitaa kadhaa, mchungaji mmoja, wainjilisti, na baraza la wazee linalokutana kila mwezi. Mapato yake yanatokana na sadaka ya kapu, zaka, shukrani, sikukuu ya mavuno, bahasha za ahadi zenye namba, na mnada wa baada ya ibada, ambapo mkungu wa ndizi au trei ya mayai hununuliwa, hurudishwa na mnunuzi, kisha huuzwa tena hadi thamani yake ipite mara kadhaa ile ya sokoni. Wakati kisa kinaanza, usharika ulikuwa umejenga kuta za kanisa jipya na ulikuwa ukichangisha fedha za paa. Mfuko wa ujenzi ulikuwa na akaunti yake benki, na mfuko wa diakonia, unaosaidia wagonjwa, wajane na watoto wenye shida, ulikuwa na akaunti nyingine ambayo kwa kawaida ilikuwa karibu tupu.

Mhazini alikuwa mwanamke wa makamo, mhasibu katika ofisi ya umma, aliyebatizwa na kupata kipaimara katika usharika huohuo. Alichaguliwa katika hali mbaya. Kabla yake, michango iliyotumwa kwa simu iliingia kwenye namba binafsi ya kiongozi mmoja, stakabadhi ilipewa yule aliyeidai tu, na hesabu za miaka ya nyuma zilikuwa hazijafungwa. Hapakuwa na ushahidi wa wizi, ila hapakuwa pia na ushahidi kwamba hakuna wizi, na kwa mtoaji hali hizo mbili zinafanana sana. Yeye alianzisha utaratibu wa watu watatu kuhesabu sadaka pamoja na kusaini fomu kabla ya kutoka sakristia, akafungua lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la usharika, akahakikisha fedha zote zinapelekwa benki siku ya kwanza ya kazi, na kila robo mwaka akabandika taarifa ya mapato na matumizi ubaoni. Michango ilipanda. Watu walisema waziwazi kwamba sasa wanatoa kwa sababu ya mama yule. Maneno hayo, ambayo yangemfurahisha mhazini yeyote, ndiyo yaliyokuja kumlemea.

Jinsi mambo yalivyofuatana

Imani yake haikuvunjika kwa tukio moja. Hakugombana na mchungaji, hakuhamia dhehebu jingine, wala hakupatwa na msiba uliomfanya amkasirikie Mungu. Aliniambia kwamba maswali aliyokuwa akiyaahirisha tangu ujana yalirudi, naye safari hii hakuyaahirisha, na baada ya muda akajikuta anasali kwa mazoea tu, bila kumwelekea yeyote. Mwaka wa pili wa uhazini wake aliacha kwenda kwenye Meza ya Bwana. Alibaki kwenye kiti chake wengine walipoinuka, na hakuna aliyemuuliza, labda kwa kuwa watu walidhani kuna jambo la ndoa au la afya analolipitia.

Alifikiria kujiuzulu wakati huo huo, akaacha, kwa sababu tatu. Mama yake mzazi alikuwa hai na akisali katika jumuiya ileile, na kujiuzulu ghafla kungezua maswali yaliyomtisha. Ujenzi ulikuwa katikati, na hakumwona mtu aliye tayari kuupokea utaratibu wake bila kuurudisha ulikotoka. Sababu ya tatu aliieleza kwa maneno ambayo nadhani ni ya kweli: aliona kwamba watoaji hawakumkabidhi imani yao, walimkabidhi fedha zao, na fedha hizo alikuwa na uwezo wa kuzilinda.

Jaribio la kwanza lilikuja nyumbani kwake. Mama mmoja mzee, aliyekuwa ameuza ndama, alimletea shilingi 400,000 za paa na kumwomba waziombee pamoja kabla hajaziandika. Mhazini alizihesabu mbele yake, akamwandikia stakabadhi inayotaja ujenzi, kisha akamwambia kwamba sadaka kubwa namna hiyo inastahili kuombewa madhabahuni, na kwamba angemwomba mchungaji aitaje Jumapili. Jambo hilo likafanyika. Mama yule alifurahi, na mhazini hakulazimika kufumba macho na kutamka asichokiamini juu ya jasho la mtu mwingine.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Ujenzi ulisimama miezi kadhaa kwa sababu ya mvutano na fundi kuhusu michoro ya kenchi, na mfuko wa ujenzi ukabaki na shilingi 38,000,000 zisizotumika. Wakati huohuo vijana watatu wa usharika, wote yatima, walikuwa wamepata nafasi katika chuo cha ufundi na hawakuwa na ada. Mhazini alizungumza na mwenyekiti wa kamati ya fedha, akapata ridhaa yake ya mdomo, na wawili hao, wakiwa ndio watia saini, walihamisha shilingi 850,000 kutoka ujenzi kwenda diakonia kwa maelezo ya “mkopo wa muda”. Baraza la wazee halikuulizwa. Kijana mmoja akaanza masomo.

Wiki chache baadaye mhazini aliandaa pendekezo la kuhamisha kiasi kikubwa zaidi kwa ajili ya wale wawili waliobaki na kwa mahitaji mengine ya diakonia. Alipolisoma tena kabla ya kikao, aligundua kwamba hoja zake zote zilisimama juu ya wazo ambalo hakuliandika popote: kwamba paa la nyumba ya kumwabudu Mungu asiyekuwepo ni upotevu wa fedha. Aliliondoa pendekezo hilo. Badala yake aliliomba baraza liruhusu Jumapili moja ya changizo maalumu la diakonia, baraza likakubali, na fedha zilizopatikana zilitosha kurudisha zile 850,000 na kumlipia kijana wa pili. Wa tatu hakwenda chuoni mwaka ule.

La tatu ndilo lililomaliza ukimya. Mchungaji alipanga Jumapili ya ahadi ili kukamilisha paa, akamwomba mhazini asimame mbele ya washarika atoe ushuhuda: jinsi Mungu alivyombariki tangu alipoanza kutoa zaka kwa uaminifu. Ombi lilikuwa na mantiki. Aliheshimiwa, alizijua namba, na neno lake lingefungua mikoba. Alikataa kwa kusingizia safari ya kikazi. Mchungaji akasogeza tarehe. Ndipo akaenda ofisini kwake na kumwambia ukweli.

Maamuzi na sababu zake

Mchungaji aliniambia kwamba swali lake la kwanza lilihusu fedha, na la pili lilimhusu mhazini kama mtu, na kwamba anajutia mpangilio huo. Hata hivyo alifanya uamuzi ambao ninauona wa busara. Hakumwondoa siku ileile. Alimwomba afunge hesabu za mwaka, aliagiza mzee mmoja aongezwe kuwa mtia saini wa tatu mara moja, na wakakubaliana kwamba tangu siku ile mhazini hatasimama kuchangisha, hataombea sadaka hadharani, wala hatapiga kura katika uamuzi wowote wa kubadili matumizi ya fedha. Sababu aliyoitoa ni kwamba kuondoka kwa ghafla kwa mtu aliyeaminiwa kungewafanya washarika wadhani kuna fedha zimepotea, na tuhuma hiyo ingemdhuru yeye, ujenzi na jina la usharika kwa jambo lisilokuwepo.

Kwa baraza alitoa taarifa moja tu, kwamba mhazini ameomba kupumzika mwisho wa mwaka. Alisema alichoambiwa faraghani kilikuwa chini ya siri ya uchungaji.

Mhazini naye aliamua mambo mawili bila kuulizwa. Aliacha kuweka fedha kwenye bahasha yake ya zaka, kwa kuwa aliona kuendelea ni kuwadanganya wahesabuji waliojua namba yake, akawa anatoa kwa diakonia tu na kwa jina lake. Pia aliandika maelezo ya uhamisho wa zile 850,000, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi na nani aliridhia, akayaweka ndani ya hati ya makabidhiano ingawa fedha zilikuwa zimesharudi na hakuna mkaguzi aliyekuwa ameuliza.

Matokeo

Makabidhiano yalikuwa safi kuliko mengi niliyoyaona. Salio la benki lilisuluhishwa na daftari, fedha taslimu zilihesabiwa mbele ya mashahidi, orodha ya ahadi ambazo hazijalipwa ikakabidhiwa ikiwa na majina na viwango, watia saini wakabadilishwa benki kwa muhtasari wa kikao, na usimamizi wa lipa namba ukahamishwa ili ujumbe wa miamala usiendelee kuingia kwenye simu ya mtu aliyeondoka. Jambo hilo la mwisho husahaulika mno, na nimeona ugomvi mkubwa ukizaliwa hapo.

Paa liliezekwa mwaka uliofuata. Mhazini mpya ni kijana aliyefundishwa na yule wa kwanza, na taarifa bado hubandikwa ubaoni.

Ila siri haikudumu. Miezi kadhaa baadaye habari ziliwafikia baadhi ya wazee, na mmoja wao, ambaye alikuwa ametoa kiasi kikubwa kwa ajili ya paa, aliumia sana. Hakudai kwamba fedha yake ilipotea. Alisema alimpa bahasha mtu aliyedhani anamwamini Mungu pamoja naye, na kwamba kama angejua, bado angetoa, lakini angempa mchungaji mkononi. Mama wa mhazini aliambiwa na binti yake mwenyewe kabla ya uvumi kumfikia, jambo ambalo namshukuru mhazini kwa kulifanya, nalo lilikuwa na gharama ambayo si yangu kuieleza.

Uchambuzi

Swali ambalo wengi wanaanza nalo ni kama sadaka inachafuka inapopita katika mikono isiyoamini. Kwa Walutheri swali hilo lina historia ndefu. Katika karne ya 4 Wadonatisti wa Afrika Kaskazini walishikilia kwamba huduma ya kasisi aliyeikana imani wakati wa mateso ni batili, na Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini hiyohiyo, akawapinga kwa nguvu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni tamko kuu la imani ya Kilutheri, katika kifungu chake cha 8, linafuata njia ya Agostino: sakramenti ni halali hata zinapotolewa na watu waovu, kwa sababu nguvu yake haitoki kwa mtoaji huduma. Sadaka ya paa si sakramenti, na sitaki kulinganisha mno, lakini kama Kanisa halifanyi Meza ya Bwana itegemee moyo wa anayeishika, ni vigumu kueleza kwa nini noti za mama aliyeuza ndama zitegemee moyo wa anayeziandika daftarini. Mama yule alitoa, na alichokitoa kilifika alikokusudia. Kwa upande huo naona dhamiri ya mhazini haikuwa na deni.

Deni lilikuwa mahali pengine, na hapa ndipo ningependa wasomaji wakae zaidi. Mtu mwaminifu aliyeacha kuamini hashawishiki kirahisi kuiba. Anashawishika kurekebisha. Anaziona fedha zimelala kwenye mfuko ambao kwake hauna maana tena, anauona uhitaji ambao kwake na kwa kila mtu una maana, na mkono wake uko karibu na vyote viwili. Zile 850,000 zilimsomesha yatima na zikarudi, na msomaji anaweza kujiuliza kosa liko wapi. Kosa ni kwamba watoaji waliambiwa “paa”, wakaandikiwa stakabadhi za paa, na bila wao wala wawakilishi wao kuulizwa, watu wawili waliamua kwamba wanajua matumizi bora. Fedha ingechelewa kurudi, au changizo la diakonia lingekwama, mama aliyeuza ndama angekuwa ametoa kwa ajili ya kitu ambacho hakukichagua. Wema wa matumizi haubadilishi jambo hilo. Nasema hivi nikijua kwamba kijana wa tatu alikosa mwaka wa masomo, na sidhani kwamba kukosa kwake ni jambo dogo.

Mila nyingine za dini zimelifikiria jambo hili kwa kina. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, katika kanuni ya 1267, zinaagiza kwamba matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa lengo fulani yatumike kwa lengo hilo tu. Wanazuoni wa Kiislamu wana kaulimbiu inayojulikana, kwamba sharti la mtoa wakfu, yaani mali iliyotengwa daima kwa ajili ya kheri, lina nguvu kama andiko la sheria, na zaka yenyewe imewekewa makundi 8 ya wanaostahili katika Sura At-Tawba, aya ya 60, ili asiyepewa mamlaka asiigawe kwa maoni yake. Fikihi (elimu ya sheria za Kiislamu) ya madhehebu ya Kishafii, inayofuatwa zaidi pwani ya Afrika Mashariki, humtaka msimamizi wa wakfu awe na uadilifu na uwezo. Mhazini wetu alikuwa na uwezo bila shaka. Kuhusu uadilifu, mwanazuoni angesema kwamba hauwezi kutenganishwa na dini ya mtu, na kwa mtazamo huo angepaswa kuondoka mapema. Sikubaliani na hoja hiyo kikamilifu, lakini inaonyesha kwamba uhazini wa kidini ni zaidi ya uhasibu.

Hiyo ndiyo hoja ya yule mzee aliyeumia, nayo ina nguvu kuliko wengi walivyotaka kukubali. Katika usharika huu, kama katika mingi, wajumbe wa baraza na wahazini huchaguliwa miongoni mwa washarika wanaoshiriki Meza ya Bwana. Mhazini alipoacha kushiriki, alikuwa ameacha kutimiza sharti la nafasi yake, na kila taarifa aliyoisaini baada ya hapo ilibeba kauli ya kimya ambayo haikuwa kweli. Ninatenganisha mambo mawili. Imani yake ni yake, na hakuna mtoaji mwenye haki ya kuichunguza. Lakini nafasi ilikuwa ya usharika, na sharti la nafasi hiyo lilijulikana na pande zote. Kama angekuwa mhasibu wa kuajiriwa, kwa mkataba usiotaja imani, ningesema angeweza kubaki hadi kustaafu bila kumkosea mtu. Kwa nafasi ya kuchaguliwa yenye sharti la imani, alipaswa kumwambia mchungaji mapema kuliko alivyofanya, na kumwachia yeye na baraza waamue kama sharti linaweza kulegezwa hadi mwisho wa mwaka.

Hata hivyo siungi mkono waliosema angeondoka kimyakimya siku alipojua. Mhazini anayetoweka akiacha vitabu wazi anawaumiza watoaji kuliko asiyeamini anayebaki kuvifunga. Muda wa makabidhiano ni sehemu ya amana, na miezi ile ya mwisho, akiwa na mtia saini wa tatu na akiwa ameondolewa kwenye uchangishaji na kura, ndiyo iliyokuwa miezi yake bora zaidi kimaadili, kwa kuwa alifanya kazi yote ambayo mikono yake iliweza kuifanya kwa uaminifu, bila kutumia sauti yake pale ambapo ingesema uongo.

Kuhusu ushuhuda, alikuwa sahihi kabisa kuukataa, na kisingizio cha safari ndicho pekee cha kumlaumu hapo. Kutunza sadaka na kuiomba ni kazi mbili zenye masharti tofauti. Anayetunza anaahidi kwamba fedha itafika. Anayeomba kwa ushuhuda anaahidi kwamba jambo analolisimulia lilimtokea, na msikilizaji anafungua mkoba kwa sababu ya hilo. Mstaafu anayegawa nusu ya pensheni yake kwa kusikia baraka ambazo msimuliaji haziamini amedanganywa, hata kama kila shilingi itaishia kwenye bati na misumari. Naongeza kwamba ombi lenyewe la mchungaji lilikuwa na kasoro kwa mhazini yeyote, aaminiye au asiyeamini. Mtu anayejua nani ametoa nini, kwa namba ya bahasha, hafai kusimama mbele ya haohao kuwahimiza watoe. Baada ya kisa hiki baraza lilipitisha kwamba mhazini na wahesabuji wa sadaka wasitumike kutoa ushuhuda wala kuendesha harambee.

Linabaki suala la ukimya wa mchungaji mbele ya baraza, na hapa wenzangu niliojadiliana nao hawakubaliani nami. Wao wanaona siri ya uchungaji ilimfunga. Mimi naona ilimfunga kuhusu sababu, lakini haikumfunga kuhusu nafasi: angeweza, kwa ridhaa ya mhazini, kuliambia baraza kwamba mhazini hatimizi tena sharti moja la katiba ya usharika, kwamba hesabu hazina tatizo, na kwamba anapendekeza aendelee kwa masharti hadi vitabu vifungwe. Mhazini ameniambia kwamba angeridhia kauli ya namna hiyo kama angeulizwa. Mzee yule angebaki na huzuni ya kumpoteza mwenzake katika imani, lakini angekuwa mmoja wa walioamua nini kifanyike, na bahasha yake ya mwisho angeitoa akijua anampa nani.

Hati ya makabidhiano, pamoja na maelezo ya zile 850,000, ilisomwa katika mkutano mkuu wa usharika. Msharika mmoja aliuliza kwa nini mkopo haukuletwa barazani, mwenyekiti wa kamati ya fedha akasimama na kukiri kwamba ulipaswa kuletwa, na mkutano ukaazimia kuwa uhamisho wowote kati ya mifuko, hata wa siku moja, uhitaji muhtasari wa kikao kabla ya saini ya kwanza.